Lita Zangu Tatu, Vikombe Vyake Viwili

Asubuhi moja, katika korido moja ya hospitali, mimi na mdogo wangu tuliambiwa mambo mawili kuhusu maji, na mpaka leo sijayapatanisha kichwani. Yeye aliambiwa asizidishe vikombe viwili kwa siku, chai na supu zikihesabiwa humo humo. Mimi, mlango wa tatu kutoka kwake, niliambiwa ninywe lita tatu. Tulikutana kwenye benchi kila mtu na karatasi yake, tukabadilishana, tukasoma, tukatazamana. Yeye akacheka. Mimi sikucheka. Nikiwa sielewi kitu huwa nakasirika kwanza, kucheka huja baadaye, kama kutakuja.

Figo za mdogo wangu zilikuwa zimekufa zote mbili. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka upande ule mwingine wa uwanja, na presha ilimla kimyakimya mpaka siku alipoanguka darasani. Tangu hapo alirudi kuishi kwa mama, kule mtaani Waithaka, na kila Jumanne na Ijumaa alienda kusafishwa damu na mashine. Saa nne mfululizo alilala pale, mrija umeingia kwenye mshipa wa shingo. Mrija huo ulikuwa umeshapata maambukizi mara mbili. Mara ya pili daktari alituita mimi, mama na kaka yetu mkubwa, akasema bila kuzungusha maneno kwamba mashine inamshikilia tu. Kinachotakiwa ni figo, na figo itoke kwa ndugu.

Mama ni mzee. Kaka ana sukari. Nikabaki mimi. Damu yangu ikapimwa na yake, zikapatana hata daktari mwenyewe akafurahi, halafu akanitazama kuanzia shingoni kwenda chini na kuniambia nipande kwenye mizani. Kilo mia moja na nne.

"Na hii mwili hatuwezi kukupasua," akasema. "Shuka chini ya tisini, ndio ukuje tuongee."

Mke wangu alikubali nitoe figo baada ya wiki mbili. Kitambi ndicho kilichokataa.

Kwa kazi mimi ni fundi wa kukata nguo katika duka la sare katikati ya mji, na nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Tepu ya kupimia haitoki shingoni mwangu. Nimepima viuno vya walinzi, wapishi, madereva, walimu wakuu, na ukiingia tu mlangoni najua chako ni inchi ngapi kabla hujanisalimia. Changu nilikuwa sijakipima tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Suruali ikianza kubana, jioni naifumua mshono wa nyuma, natia kipande, naendelea na maisha yangu. Mtu mwingine angelazimika kwenda dukani kununua suruali kubwa, aibu imkute huko. Fundi hunenepa bila shahidi.

Mtaalamu wa lishe, yule aliyeniandikia lita tatu, alikuwa msichana wa umri wa kuwa binti yangu. Aliniuliza nakunywa nini kwa siku. Nikamwambia chai. Vikombe vingapi? Nikaanza kuhesabu kwa vidole: ya asubuhi nyumbani, ya saa nne dukani na mandazi, ya saa kumi, ya kufika nyumbani, ya baada ya chakula, na Jumapili za mama ambazo hazina hesabu. Sukari? Vijiko vitatu. Na mchana? Soda na mkate. Na maji?

"Ya kumeza dawa," nikasema.

Aliniwekea wazi kwamba maji hayayeyushi mafuta kama watu wanavyosema. Kazi yake ni kuchukua nafasi ya chai ile na soda ile, na kujaza tumbo kidogo kabla ya chakula. "Ukiskia njaa, kwanza kunywa glasi moja, ungoje. Mara mingi si njaa, ni kiu tu imekuchanganya."

Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa rohoni. "Lita moja ya maji ina kilo ngapi?"

"Moja."

"Sasa nikikunywa tatu, si nimeongeza kilo tatu?"

"Utaenda choo, mzee," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Pale mezani kwake nilielewa kabisa. Nilipofika kwenye geti la hospitali ufahamu ule ulikuwa umeshanitoka. Ndivyo ilivyokuwa miezi yote ile. Nikielezwa naelewa, nikibaki peke yangu naona ni uchawi. Unanywa kitu chenye uzito ili upunguze uzito, na ndugu yako ananyimwa kitu hicho hicho kwa sababu kina uzito.

Nilianza siku hiyo hiyo, na hasira zangu. Nilinunua chupa ya lita moja na nusu, nikaiweka chini ya meza ya kukatia, nikaapa nitaijaza mara mbili kila siku. Chai ya saa nne ilipoletwa nikaikataa, wenzangu wakaulizana kama nimeokoka mara ya pili. Kufikia saa sita nilikuwa nimepanda ngazi kwenda chooni mara nne. Choo cha jengo letu kiko ghorofa ya tatu na ufunguo unakaa kwa mlinzi wa ghorofa ya kwanza, mzee anayeutoa kama anayetoa binti yake aolewe. Wiki hiyo hiyo nilikata koti la mlinzi wa nyumba moja ya Lavington likatoka na mikono miwili ya kushoto. Nilikuwa nimeacha kitambaa mezani nikakimbia, na niliporudi nikaendelea kukata bila kukigeuza. Katika miaka ishirini na miwili sijawahi kufanya kosa hilo.

Mwenye duka, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa mjini na ambaye sisi wote tunamwita Mama, aliushika ule mkono wa kushoto wa pili, akautazama, akaitazama chupa yangu.

"Fundi, maji baridi hapana," akasema. "Inazima moto ya tumbo. Kaa chini, kunywa moto, pole pole. Na ukikula chakula, usikunywe."

Yeye mwenyewe hufunga siku fulani fulani, na siku zote ana bilauri yake ya chuma yenye maji ya moto yaliyochemshwa na mbegu za jira, ile bizari nyembamba. Ni mwembamba na anaelekea miaka themanini. Ningembishia vipi? Lakini yule msichana wa hospitali alikuwa ameniambia nianze na glasi kabla ya chakula, baridi au moto haijalishi. Nikajaribu kuwatii wote wawili. Nilikunywa ya baridi nikisimama, kisha nikaketi nikanywa ya moto, na choo cha ghorofa ya tatu kikawa ofisi yangu.

Halafu nikatumwa Kitisuru kuwapima wafanyakazi wa nyumba moja sare mpya. Mama mwenye nyumba alitoka kututazama akiwa amekumbatia chupa kubwa iliyochorwa saa ubavuni: hapa ufike saa tatu, hapa saa sita, hapa saa tisa. Nikasahau adabu, nikamuuliza ni ya nini. Ya kupunguza mwili, akasema, na akanishauri nitie vipande vya tango na limau, maji matupu hayafanyi kitu. Nilimpima kwa macho. Inchi ishirini na saba. Nilirudi mjini nikijiuliza yule anapunguza nini.

Ajabu ni kwamba uzito wangu ulishuka. Sijui kwa maji ya nani. Mwezi wa kwanza kilo tano, wa pili nne, wa tatu tatu. Nilianza kukaza suruali zangu badala ya kuzilegeza, nikitoa vile vipande nilivyotia miaka na miaka, kimoja cha rangi hii, kingine cha rangi ile, mpaka nikacheka peke yangu pale kwenye cherehani.

Jambo moja sikuliweza. Sikuweza kunywa maji mbele ya mdogo wangu. Yeye vikombe vyake viwili alivigawa mpaka ukiona unataka kulia: nusu kikombe cha kumeza dawa asubuhi, robo saa nne, vipande viwili vya barafu mchana avinyonye pole pole, kilichobaki jioni. Katikati alisukutua mdomo akatema. Kutema kule, kwa kweli, ndiko kulikoniuma kuliko mrija wa shingoni. Kwa hiyo Jumapili tulipokuwa kwa mama nilikuwa naenda kunywa lita zangu nyuma ya zizi la ng'ombe, nimesimama kama mwizi, nikimeza haraka na ng'ombe akinikodolea macho.

Mama naye alikuwa na hesabu zake. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu nilipewa jina la baba yake mzazi, kwa hiyo huniita baba. Kuona baba yake akikonda, na akisukuma kikombe cha chai pembeni nyumbani mwake, kulimkosesha usingizi. Kanisani walikuwa wameanza kumuuliza kwa sauti ya chini mwanao anaugua nini. Wakati huo huo uso wa mdogo wangu ulikuwa umeanza kujaa, mashavu yakang'aa, vifundo vya miguu vikapotea. Mama akafurahi. Jumapili moja, mdogo wangu akiwa amelala chumbani, aliniambia kwa Kikuyu, ambacho ndicho tunachoongea nyumbani, "Mwenzako ameanza kurudisha mwili. Sasa wewe ndiye umebaki."

"Mama, ule si mwili. Ni maji."

"Maji gani, na hanywi?"

Nikasema tu kwamba figo zikifa maji hayana njia ya kutoka. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mlevi.

Jumanne iliyofuata mdogo wangu alipanda kwenye mizani ya hospitali akiwa na kilo nne zaidi ya zile anazotakiwa kuwa nazo. Nesi alimgombeza vibaya, na pumzi yenyewe alikuwa anaivuta kwa shida. Ikajulikana kwamba tangu Ijumaa mama alikuwa akimpelekea supu ya mifupa, bakuli zima asubuhi na bakuli zima jioni, ili ule mwili unaorudi urudi vizuri. Kwetu mgonjwa anayepona hupewa supu ya mifupa. Haijawahi kumdhuru mtu.

"Na wewe kwa nini ulikunywa?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Nilikuwa nimekauka," akasema. "Na ilikuwa mama."

Nilienda Waithaka nikampigia mama kelele, jambo ambalo nalijutia. Nilimwambia ataua mtoto. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua macho. Alisema, "Nimezaa watoto watatu. Namjua mtoto anayenona na namjua mtoto anayekauka. Nikiwatazama nyinyi wawili, mgonjwa ni wewe." Kisha akaendelea na maharagwe yake. Nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe. Kilichonisumbua si kwamba alikosea. Ni kwamba mimi niliyekuwa namfundisha nilikuwa sielewi kumzidi.

Miezi mitatu ilipotimia nilikuwa nimefika tisini na mbili, na hapo mizani ikagoma. Wiki ya kwanza tisini na mbili. Ya pili tisini na mbili. Ya tano tisini na mbili. Nilikunywa lita zangu, nikala sukuma wiki na ugali wa ukubwa wa ngumi, nikawa nashuka gari vituo viwili kabla ya nyumbani nitembee. Wapi. Na kliniki ya watoaji figo ilikuwa Alhamisi iliyokuwa inakuja. Nikiikosa, nyingine ni baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu kwa mtu mwenye mrija shingoni ulioshambuliwa mara mbili si miezi mitatu ya kawaida. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka usiku nikawa nahesabu Ijumaa zake.

Ijumaa ile, kabla ya kliniki, nilikaa naye mpaka mashine ilipomaliza. Alipoingia alikuwa kilo hamsini na nane na nusu. Alipotoka, hamsini na tano na nusu. Saa nne tu. Mimi kilo tatu zilinichukua mwezi mzima wa kukataa mandazi.

"Zimeenda wapi?" nikamuuliza nesi.

"Hizo zote ni maji."

Nikarudi kwenye benchi akili ikiwaka moto. Hivi ndivyo nilivyofikiri, na wazo hilo naliandika jinsi lilivyokuwa bila kulipamba. Uzito ni maji. Wameniambia wenyewe. Mama alidanganywa na maji akadhani ni mwili, na mimi kilo zangu mbili za mwisho lazima ni maji vilevile, nimezijaza mwenyewe kwa chupa. Niliona nimefanywa mjinga miezi minne, nabebeshwa maji na watu wanaojua fika kwamba maji ni mzigo. Miaka yote naongeza vitambaa kwenye mshono na kuvitoa, nikajua dawa yake. Kitu kikizidi, unatoa.

Jumatatu sikunywa tone. Chai sikuwa nakunywa siku hizi, kwa hiyo hapakuwa na kitu kabisa. Chakula nilikula viazi viwili tu. Dukani nilijitolea kupiga pasi za mvuke, kazi ambayo si yangu, nikatokwa jasho mpaka shati likashika mgongo. Jumanne kichwa kilianza kugonga. Jumatano ulimi ulikuwa umegeuka kitambaa cha suti, na nilipoenda chooni, mara moja tu siku nzima, mkojo ulikuwa kidogo na rangi yake sikuipenda. Mama mwenye duka aliinama akatazama chini ya meza.

"Fundi, chupa yako iko kavu."

"Nakunywa nyumbani siku hizi, Mama," nikasema. Hakuniamini, lakini mteja aliingia.

Na nikiri jambo jingine. Nilijiona shujaa. Nilipopita karibu na watu wanaokunywa soda nikawaza, sasa na mimi najua. Sasa ninabeba kidogo ya kiu ya mdogo wangu. Nilikuwa karibu nimpigie simu nimwambie, nikajizuia, nikitaka aone kwanza kilo.

Alhamisi asubuhi alinisindikiza. Nilipanda kwenye mizani nikiwa na soksi tu. Themanini na tisa, na kitu kidogo. Nesi akapiga makofi. Mdogo wangu alinishika mkono akaubana, na macho yake yakajaa, nami nikatazama ukutani. Walichukua damu, wakachukua mkojo ambao nilipata shida kuutoa, wakatuambia tungoje. Tulingoja mpaka baada ya chakula cha mchana. Yeye alikuwa anazungumza kuhusu kurudi darasani, hata akaniuliza kama nitamshonea suti ya kurudi nayo kazini, ya rangi ya samawati, na mimi nikawa naikata kichwani.

Daktari aliniita peke yangu. Karatasi za majibu zilikuwa mbele yake.

"Mara ya mwisho ulikunywa maji ni lini?"

Nikafikiri nimdanganye. Ulimi ulikuwa umekauka hata kwa uongo. "Jumapili."

"Jumapili hii?"

"Mlitaka chini ya tisini, daktari. Nimewaletea."

Alivua miwani akaiweka mezani. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Namba ya figo yako imepanda," akasema. "Pengine ni kukauka tu. Pengine figo yako iko na shida yenye hatukuona mbeleni. Sasa mimi sijui nasoma figo yako ama nasoma kiu yako."

"Lakini kilo..."

"Kilo ya nini? Tulitaka upunguze mafuta ndio upasuaji usikuumize. Na vile ulikuwa na bidii, tisini na mbili tungeongea. Ungeniuliza. Kile tunataka kwako ni figo. Sasa wewe unaikausha ndio utuletee?"

Nikamuuliza itakuwaje. Akasema nirudi baada ya wiki mbili, ninywe maji kama nilivyokuwa nakunywa, wapime upya. Namba ikishuka, tutaendelea. Isiposhuka, hawatachukua figo yangu, na hata mimi wataanza kunifuatilia kama mgonjwa.

"Na nikikunywa, si zile kilo zitarudi?"

"Zirudi!" akasema.

Mdogo wangu alisimama aliponiona natoka. Nilimweleza yote pale pale kwenye benchi, tangu Ijumaa ya mashine mpaka pasi za mvuke. Nilingoja anitukane. Ni mtu wa maneno, amefundisha darasa la watoto sitini. Lakini alitangulia tu kuelekea kituo cha gari, na njiani mimi kila tulipopita duka lenye friji ya vinywaji mlangoni niligeuza uso, sijui kwa nini, kwa maana sasa nilikuwa nimeruhusiwa.

Tulifika Waithaka jua bado liko juu. Mama alikuwa shambani nyuma ya nyumba anachuma mboga. Mdogo wangu alinionyesha kiti jikoni kwa kidole, jinsi anavyowaonyesha watoto, nikakaa. Akachukua jagi kubwa la wageni, akalijaza maji yaliyochemshwa, akaliweka mezani na glasi. Halafu akavuta kiti chake, akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane.

"Miezi yote hii naota maji," akasema. "Naota ile mfereji ya shule, imefunguliwa, watoto wanakunywa na mkono, inamwagika chini. Wewe ulikuwa nayo mpaka chini ya meza. Ukaikataa."

"Nilidhani nakusaidia."

"Najua. Kunywa."

"Wacha niende nje."

"Hapa," akasema. "Nikikuona."

Nikanywa glasi ya kwanza nikiwa nimefumba macho. Ya pili nilifumbua. Mama aliingia na kikapu chake cha mboga, akasimama mlangoni akatutazama, mmoja anakunywa na mwingine ameketi mikono mapajani. Alifungua kabati, akatoa glasi nyingine, akaiweka mbele ya mdogo wangu, kwa maana hajawahi nyumbani mwake kumnywesha mtoto mmoja na kumwacha mwingine. Mdogo wangu akaifunika kwa kiganja.

"Mimi za leo nimemaliza, mama," akasema kwa upole, bila kuniondolea macho. Kisha akaniambia, "Ongeza."

Nikajimiminia ya tatu. Sikujua kama ndani yangu maji yale yalikuwa yanaokoa figo ama yanarudisha tu kilo, na sikuwa na wa kumuuliza. Nikanywa. Na kila nilipomeza, niliona koo lake pale chini ya mrija likipanda na kushuka, likimeza pamoja nami, bila kitu.